Naomba Mnishushe Kutoka Kijani

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Kupima Wazee kwa Mbali,
Popote kilipo, maana hata anwani yenu mmeiweka mbali.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: MALALAMIKO JUU YA AFYA NJEMA NILIYOPEWA BILA KUULIZWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Kama si mzima, nakupongeza kwa moyo wote, maana bila shaka nyumba yako imejaa watu.

Mimi ni mjane, mama wa watoto watatu, na opereta wa simu mstaafu. Enzi zangu mtu hakuweza kuzungumza na mji mwingine mpaka apite sikioni mwangu. Nilikaa mbele ya ubao wenye matundu kama chekeche, visikizi kichwani, waya mkononi, nikimchomeka huyu kwa yule. Nimeunganisha wachumba, wafiwa, mabosi, na watu waliotaka kugombana tu basi. Kwa hiyo hili neno "kwa mbali" lililomo kwenye jina la kituo chenu halinitishi. Ninachoshangaa ni kwamba sisi tulipowaunganisha watu kwa mbali, watu hao walizungumza.

Kisa changu kilianza bafuni. Niliteleza. Sikuvunjika, kilichovunjika ni kisahani cha sabuni. Lakini nikafanya kosa la kumsimulia binti yangu wa katikati, ambaye ni mwanasheria, na mwanasheria ukimwambia kisahani kimevunjika yeye anasikia kuna kesi. Akawaambia wenzake. Wakafanya kikao kwenye simu. Mimi ndiye niliyekuwa ajenda, kwa hiyo sikualikwa.

Jumapili iliyofuata wakaja wote watatu na vifaa vyenu. Mlango ulijaa viatu hata nikakosa pa kukanyaga. Mwanangu wa kwanza, mhandisi wa barabara, alipanda juu ya kiti akafunga kamera kwenye kona ya sebule, ielekee ukumbini, iwe inatazama ninavyotembea. Binti akasoma kijitabu chenu chote kwa sauti, mpaka yale maandishi madogo ya mwisho. Kitindamimba, ambaye ni mtangazaji wa redio, alinifunga bangili ya vipimo mkononi na kunionyesha jinsi ya kugusa kishikwambi bila kukichokoa kama jicho la samaki.

"Mama," akasema mwanangu wa kwanza akishuka kitini, "kuanzia leo tutakuwa na wewe kila dakika."

Nikafurahi. Mjinga mimi, nikaenda kuongeza maji ya chai.

Kwa faida yako, Ndugu Mkurugenzi, kama hujawahi kusoma kijitabu chako mwenyewe: kila mmoja wao ana kitone kwenye simu yake. Kitone kikiwa kijani, mama ni mzima wa akili na viungo. Kikiwa njano, mama aangaliwe. Kikiwa chekundu, kimbieni. Mkanipima, mkanipima tena, mkanipa kijani. Tangu siku hiyo viatu vilivyopo mlangoni kwangu ni vyangu peke yangu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mmenifukuzia watoto. Zamani mwanangu wa kwanza alikuwa anakuja Jumapili na kusema, "Nilikuwa napita tu, Mama." Hakuna mtu anayepita tu kwangu. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho, mbele yake ni ukuta wa ghala. Lakini alikuja, akala, akakagua mabomba, akalalamika kwamba chai yangu ina sukari nyingi, akanywa vikombe viwili. Alikuwa anakuja kwa sababu hakujua nimeamkaje. Sasa anajua. Anajua akiwa kazini, anajua akiwa kwenye foleni, anajua akiwa chooni. Mtu anayejua kila kitu anakuja kufanya nini?

2. Mmeniharibia salamu. Zamani simu ikilia asubuhi mtoto huuliza, "Mama, umeamkaje?" nami hupata nafasi ya kusema habari za mgongo, za paa, za ndoto. Siku hizi ananipigia (akipiga) na kuniarifu.

"Mama, umelala vizuri sana jana."

"Kumbe?"

"Ndiyo, na umegeuka mara chache. Haya, siku njema."

Siku hiyo nilikuwa nimeota marehemu baba yake amesimama mlangoni anatafuta miwani, na nilitaka kumsimulia. Lakini inaelekea ndoto hamjaanza kuzipima.

3. Kishikwambi chenu kinaniita "Mpendwa Mtumiaji". Marehemu mume wangu hakuwahi kuniita mpendwa, na mimi sikuwahi kumtumia. Tuliheshimiana.

4. Dhuluma ya jirani. Upande wa pili wa ua wangu anaishi mzee mmoja tunayemwita Fundi Saa, kwa kuwa maisha yake yote alitengeneza saa. Watoto wake nao walimwandikisha kwenu. Siku ya kipimo cha vidole, alipoambiwa agonge kioo haraka haraka kwa kidole cha shahada, alikataa. Alisema yeye kioo cha saa hukifuta, hakigongi. Mashine yenu ikangoja, ikangoja, ikaandika kwamba kidole hakifanyi kazi. Njano!

Ndugu Mkurugenzi, ungeona. Magari yalipanga mstari mpaka kwangu. Wakwe wakaja na masufuria. Wajukuu wakamwagika uani kama mchele uliopasukiwa na gunia. Mmoja anamfulia, mwingine anamsomea gazeti, wa tatu anampepea, na jua lenyewe halijatoka. Mimi nipo upande wangu wa ua, na kijani changu, nafua mwenyewe, nasikiliza wanavyocheka. Mzee yule hajawahi kukumbuka jina langu tangu tuwe vijana. Mimi nakumbuka jina lake, la baba yake, na la mbwa wake wa kwanza. Sasa niambie, kati yetu wawili ni nani alistahili kupewa watu?

5. Baada ya hapo nikaamua kufeli, na hapa nawalaumu kwa kutunga mtihani ambao mtu mwenye aibu zake hawezi kuufeli.

Kila baada ya wiki mbili hunipigia kwa video yule binti yenu wa vipimo. Ana adabu. "Shikamoo Bibi," ananiambia, kichwani amevaa visikizi kama vyangu vya zamani, na mimi nikimwona tu napenda kumwambia asivibane sana vitamuumiza masikio. Basi siku hiyo nikajiandaa. Akaniambia, "Bibi, nitajie wanyama wengi uwezavyo mpaka kengele ilie." Nikasema, "Ng'ombe." Nikanyamaza. Ndiyo mpango wangu ulivyokuwa: ng'ombe mmoja, basi.

Lakini yule binti akanitazama kwa huruma. Huruma ile ambayo mtu humtazama nayo kuku mwenye mguu mmoja. Damu ikanichemka. Nikasema mbuzi, kondoo, punda, nungunungu, kicheche, pimbi, kakakuona, nyegere, na wengine ambao sijui kama bado wapo duniani. Akasema, "Bibi, kengele imeshalia." Nikamwambia anyamaze, sijafika kwa wa majini.

Akaniuliza leo ni siku gani. Nikaona hapa sasa ndipo. Nikasema, "Jumapili."

"Una uhakika, Bibi?"

"Sina. Jumapili huwa wanangu wapo, na hapa siwaoni."

Akainamisha kichwa, akaandika. Jioni yake taarifa ikafika kwenye simu za wanangu: "Mzee ana ucheshi. Alama zote." Wakanitumia vikatuni vya watu wanaopiga makofi.

6. Nikaona kama akili imenikatalia, basi viungo vitanisikia. Kijitabu kinasema kamera hupima hatua, mkao wa mgongo, na kama mtu anaburuza mguu. Nikachechemea ukumbini, kwenda na kurudi, nimeshika ukuta, nimekunja uso kama mtu anayetafuna limau. Siku ya kwanza mguu wa kulia. Siku ya pili nilisahau ni upi, nikachechemea yote. Mashine yenu ikatafakari, ikawaandikia wanangu: "Mama yenu ameanza mazoezi ya viungo. Mtieni moyo."

Wakanitia moyo. "Hongera Mama!!!" Alama tatu za mshangao, na hakuna mguu hata mmoja wa binadamu uliofika.

7. Sasa sikiliza jinsi mlivyonitumbukiza kwenye udanganyifu, mimi ambaye nilikaa kwenye ubao wa simu nikasikia siri za mji mzima na sikuuza hata moja.

Siku moja Fundi Saa alisogea uani, akaangalia nyuma kama mwizi wa mahindi, akaninong'oneza.

"Mama jirani, nitakufa."

"Unaumwa nini?"

"Ninapendwa. Wananikatia nyama vipande vipande kama paka. Nikikohoa watu wanne wanasimama. Jana nimejifungia chooni nipate kukaa peke yangu, wakaanza kuniita kwa zamu."

Nikamtazama mzee wa watu, nikaitazama bangili yake. Naye akaitazama yangu. Alivua yake, nikavua yangu, tukapitishiana juu ya ua.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: yeye ni njano, mimi ni kijani, tukibadilishana bangili tutabadilishana wageni. Nilifagia sebule. Nilitoa vikombe vya wageni kabatini nikavisuuza vumbi.

Kumbe sikumfikiria yule mtu mkono wake ni wa kazi gani. Mtu aliyezoea kushika skrubu ambayo ukiipigia chafya hutaiona tena, mkono wake utatetemeka lini? Bangili iliyoandikwa jina langu ikakaa kwenye mkono huo, mashine ikashangaa, wanangu wakaambiwa kwamba utulivu wa mkono wa mama yao sasa ni wa mtu wa miaka thelathini. Nami na bangili yake nilikuwa situlii. Naenda dukani, narudi, nafagia, napanda ngazi kukagua kama kuna gari linakuja. Basi Fundi Saa naye akapanda, njano ikaiva ikawa kijani. Wageni wake wakafunga masufuria wakaondoka wakimshukuru Mungu na kituo chenu.

Alinirudishia bangili yangu akiwa na furaha ya mtu aliyetoka kifungoni, pamoja na bakuli la kuku aliyebaki. Nikala kuku wa wageni wa watu, peke yangu, na kijani changu kimekoza.

8. Hapo ndipo nililala sakafuni. Nakiri ilikuwa mchana kweupe na nilikuwa na akili zangu timamu, nyinyi wenyewe ni mashahidi. Nikajinyoosha mbele ya kamera, nikafumba macho. Sauti ikatoka kwenye kishikwambi: "Mpendwa Mtumiaji, umeanguka?" Sikujibu. Mtu aliyeanguka hajibujibu. Ikampigia mwanangu wa kwanza, naye akaja, yaani sauti yake ilikuja, kwenye kile kipaza sauti cha kamera.

"Mama, mbona umelala sakafuni?"

"Nimeanguka."

"Na mto?"

Nikafumbua jicho moja. Kweli nilikuwa nimeweka mto. Sakafu ya saruji ni ngumu.

"Nilianguka nao."

Nikasikia nyuma yake mtu anakoroma kwa kujizuia kucheka, kisha sauti ya viti. Akasema taratibu, "Mama, niko kwenye kikao na wakubwa. Ukimaliza kuanguka, unywe maji."

Taarifa ya siku: "Amepumzika vizuri." Kijani.

9. Hili la mwisho silitii chumvi. Yule binti yenu wa vipimo, safari iliyopita tulimaliza maswali mapema. Akavuta pumzi, akasema, "Bibi, mama yangu naye goti linamsumbua." Nikamuuliza ni goti gani, linauma akipanda au akishuka. Akaanza kunieleza. Mama yake anaishi mbali, peke yake, naye yuko hapo kutwa anawapigia wazee wa watu. Akasema, "Huwa nataka kumpigia, lakini nikitoka hapa sauti imeni..." Mashine ikakata. Ikaandika: "Asante, kipimo kimekwisha."

Ndugu Mkurugenzi, miaka yote niliyokaa kwenye ubao ule nilikatiwa umeme, nilikatiwa mshahara, radi ilipiga nguzo nikarushwa kitini. Sikuwahi kuchomoa waya mtu akiwa bado anaongea. Ilikuwa mwiko. Mtu akilia kwenye simu na dakika zake zimekwisha, tulikuwa tunageukia pembeni tukajifanya tunatafuta penseli.

Sikuishia kwenye malalamiko tu. Kwa kuwa mmenifundisha kazi, nami nimewapima wanangu watatu, kwa mbali, kwa kufuata kijitabu chenu. Matokeo ni ya kusikitisha.

Mwanangu wa kwanza nilimpa maneno matano ayakumbuke: mlango, birika, ufagio, shangazi, mvua. Nikazungumza naye kidogo kuhusu lami, kisha nikamwambia ayataje. Akasema, "Maneno gani, Mama?" Baadaye akakumbuka mvua, na nina wasiwasi alikuwa anaitazama dirishani. Nilipomuuliza mara ya mwisho amekuja kwangu lini, alijibu "juzi juzi". Juzi juzi hiyo embe lilikuwa ua, sasa limeliwa na kokwa limetupwa. Hajui siku wala majira.

Binti yangu nilimuuliza swali jepesi: mlango wa kwangu una rangi gani? Akajibu, "Kwa nini unauliza? Kuna mtu amekwambia kitu?" Nikarudia. Akasema angependa kwanza kufahamu muktadha wa swali. Kijitabu chenu, ukurasa wa dalili, kinasema mzee anayekwepa maswali mepesi na kushuku watu wa nyumbani asipuuzwe. Mlango ni wa bluu, alichagua rangi hiyo yeye mwenyewe.

Kitindamimba nilimpima vidole. Kidole gumba chake kina afya ya kutisha: kinabonyeza alama ya dole kabla macho hayajasoma. Nilimwandikia, "Mwanangu, leo paka wa jirani amekufa." Dole. Nikamwandikia, "Nimeamua kuolewa na Fundi Saa." Dole, na moyo mwekundu. Fundi Saa nilipomwonyesha alitaka kujua kama hilo limepitishwa rasmi.

Kuhusu kutembea, wote watatu wamefeli. Miguu yao haiwezi kuwafikisha mahali walipozaliwa. Mmoja wao anajenga barabara za watu wote, na barabara moja tu ndiyo imemshinda.

Kijitabu chenu kiko wazi. Mtu anayesahau maneno mepesi, anayepoteza hesabu ya siku, anayekwepa maswali, anayebonyeza bila kuelewa na asiyeweza kutembea mpaka mahali alipopazoea, mtu huyo "asiachwe kuishi peke yake, bali awekwe chini ya uangalizi wa ndugu wa karibu". Ndugu wa karibu mwenye cheti cha kijani ninayemfahamu ni mmoja. Ni mimi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Nishushwe hadi njano. Siombi nyekundu, sina tamaa. Njano iliyopauka inanitosha, ile ya ugali wa jana kwenye sahani nyeupe.

(b) Kama sheria zenu haziruhusu mtu kufelishwa kwa hiari, basi mtunge rangi nyingine kwa ajili ya mtu ambaye akili ipo, miguu ipo, na bado kila asubuhi anachemsha chai ya watu watano kwa sababu mkono umezoea birika lile.

(c) Au, na hili ndilo ombi langu kuu, wanangu watatu waondolewe kwenye nyumba zao kwa usalama wao wenyewe na waletwe kwangu. Nitawaangalia. Nitaigeuza kamera iwaelekee wao. Atakayesema "nilikuwa napita tu" atapewa alama za ziada. Wakionyesha maendeleo, baada ya muda nitafikiria kuwaruhusu kwenda kazini.

(d) Yule binti aachwe amalize sentensi yake.

Naamini utalishughulikia jambo hili kwa haraka ileile mnayoitumia kunipongeza. Nisalimie wafanyakazi wote wa kituo, waliopo na waliopo kwa mbali. Msalimie aliyetunga swali la wanyama, umwambie bado nina wa majini. Msalimie mama anayewapikia chai hapo ofisini, kama yupo. Kama hayupo, poleni. Msalimie mwenye ile sauti ya kishikwambi, aliyerekodiwa akiwa na mafua. Na yule binti wa vipimo mwambie ampigie mama yake sasa hivi, goti la kushuka ngazi likandwe kwa maji ya moto, na avilegeze visikizi.

Wako nisiye na hata homa ya kusingizia,

Opereta Mstaafu
(Kijani)

Nyongeza: Ndugu Mkurugenzi, tafadhali usitekeleze hata neno moja la hapo juu.

Nilikuwa nimekwisha kuandika, nalamba gundi ya bahasha, niliposikia breki, halafu breki, halafu breki nyingine. Kumbe siku zote hizi nilipokuwa nimezama katika kuwalalamikia, nilisahau kuchaji bangili. Ikazimika. Kwenye simu za wanangu kitone hakikuwa kijani, hakikuwa njano, hakikuwa chekundu. Kilikuwa kijivu. Kijivu hakimo kwenye kijitabu.

Mwanangu wa kwanza aliacha lami ya moto barabarani. Binti alitoka mahakamani na joho lake, hakimu anamwita jina. Kitindamimba aliwaambia wasikilizaji wote, "Samahanini, mama yangu," akaacha muziki ujipige wenyewe. Waliingia kwa kusukumana mlangoni, wakanikuta ulimi uko nje na bahasha mkononi. Binti, yule wa muktadha, aliniangukia shingoni akalia mpaka joho likanivika na mimi. Nilimwambia sijafa. Akasema, "Tulikuwa hatujui, Mama. Hatukuwa na njia ya kujua."

Hiyo ilikuwa juzi. Bado wapo. Visu vyangu vyote vimefichwa na sasa tunakata vitunguu kwa mikono. Birika limetupwa, eti mpini wake ni hatari. Nikienda ukumbini mwanangu wa kwanza ananifuata nyuma amefungua mikono kama mtu anayesubiri chungu kianguke. Wananizungumzia jikoni nami nimekaa hapohapo: "Leo anaonekana afadhali." Wanabishana nikaishi kwa nani, na kila mmoja anamsukumia mwenzake heshima hiyo kwa upole mkubwa. Asubuhi nilijifungia chooni. Waliniita kwa zamu.

Naomba kijani changu. Kama mnacho kilichokolea zaidi, nipeni hicho. Nimekwisha kuichaji bangili, na naahidi kugonga kioo, kuchora ile saa ya kwenye vipimo vyenu na kutaja samaki wote. Tena lile la kusahau kuchaji lisiandikwe popote.

Ila msikilete leo. Kitindamimba amesinzia kwenye kochi, mdomo wazi, mguu mmoja umening'inia nje, vilevile alivyokuwa analala alipokuwa na miaka minne. Simu yake inalia mfukoni na yeye hasikii. Kileteni kesho, hata keshokutwa. Sijamaliza kumtazama.